Mashine Iliyopumua Peke Yake

Mukarugwiza alifahamiana na Ntawukuriryayo siku mtu huyo alipojaribu kumharibia bei.

Ilikuwa uani kwa shirika moja la misaada, mjini Gisenyi, mwaka uliofuata kuvunjwa kwa kambi za wakimbizi za Goma. Shirika lilikuwa linafunga virago, na mali yake ilikuwa imepangwa juani kama vyombo vya marehemu: mahema, matangi ya maji, magodoro, viti vya plastiki. Wanunuzi wote waliyakimbilia magodoro. Mukarugwiza, mchuuzi wa samaki kutoka Mbugangari, mwanamke mfupi asiye na haraka, aliyapita kama hayaoni, akasimama mbele ya kompyuta mbili na vyuma viwili virefu vilivyofanana na mifupa ya samaki aliyekwisha kuliwa. Alikuwa amesikia kwamba kwa vyuma hivyo mashine zile huongea, moja mjini na nyingine ng'ambo ya ghuba, bila simu wala waya. Simu ya Nyamyumba ilikuwa imekufa tangu vita. Na Nyamyumba ndiko ilikokuwa depo yake ya samaki.

Hakuonyesha kwamba anazitaka. Aligonga kompyuta moja kwa kidole, akaguna, akamwambia karani aliyekuwa akiuza kwamba hata panya asingekubali kuzalia humo. Karani alikuwa karibu kulegea pale mtu mmoja mrefu aliyeegemea ukuta alipotia neno.

"Mama, unanunua ng'ombe. Mwenye kukamua iko wapi?"

"We ni nani?"

"Mi ndiye nilikuwa nazikamua. Ntawukuriryayo. Kutoka hapa mpaka Bukavu, mutu mwengine wa kuziamsha hakuna. Ukizipeleka bila mimi, umenunua masanduku."

Watu wakacheka. Alidhani amejiuza. Lakini Mukarugwiza alikwisha kumgeukia karani.

"Umesikia? Mutu wako mwenyewe anasema ni masanduku. Bon, nipe bei ya masanduku."

Na bei ya masanduku ndiyo aliyopewa. Ntawukuriryayo alitazama mali inavyopakiwa kwenye pikapu, akachekea puani, kisha akaingia garini bila kualikwa.

"Umefaidi kwa kinywa changu, patroni," alisema. "Donc kinywa changu iko ndani ya bei."

Mukarugwiza alimpenda kwa neno hilo, kama mfanyabiashara anavyompenda mwenzake: huku ameubana mkoba kwapani.

Ntawukuriryayo, ambaye watu walimfupisha wakamwita Ntawu, alikuwa mzaliwa wa Nyamyumba, kule kwenye chemchemi za maji moto. Baba yake alivua sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, na babu yake vilevile, lakini yeye ziwa hakulipenda. Tangu utoto alizifungua redio za watu, akazifunga tena huku vipande vimebaki mkononi, na bado zikaimba. Alivuka kwenda Goma, akajifunza ufundi kwa mtu aliyetengeneza redio za mashua, akawa mwendesha redio wa misafara ya malori, mwisho akaangukia kwa lile shirika la misaada. Alikuwa na majivuno ya mtu aliyejifundisha: viatu vya ngozi hata kwenye tope, sahani ya watu wawili, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema "sijui". Habari za miaka ya vita hakuzigusa. Mjini pale hilo halikuwa ajabu. Kila mtu alikuwa na miaka yake asiyoizungumza, na adabu ilikuwa kutouliza.

Mashine moja aliiweka dukani Mbugangari, kando ya mizani, akaifunga kwenye batri kubwa ya lori ili isizimike kamwe. Ya pili aliipeleka depo ya Nyamyumba, alikokaa mwenyewe, ikategemea umeme wa ukutani tu. Mifupa ya samaki akaipandisha juu ya mabati, mmoja huku, mmoja kule, ikatazamana juu ya maji. Kibali cha komine, serikali ya mtaa, Mukarugwiza alikipata mwenyewe, na namna alivyokipata haituhusu. Humo ndani ya mashine hamkuwa na mambo yale ya maofisini watu waliyoyazoea. Mlikuwa na kitu kiitwacho Linux, kisichouzwa wala kununuliwa, ambacho Mzungu mmoja wa redio alikiacha kama mgeni anavyosahau kofia.

"Linusi?" Épiphanie aliuliza. "Huyo ni mutakatifu wa nini?"

"Wa watu wasio na pesa," Ntawu akajibu.

"Basi amekosea duka. Yaya wangu pesa anazo, anazikalia tu."

Épiphanie alikuwa mdogo wake Mukarugwiza, akimwita yaya, dada mkubwa. Mama yao alizaa wengi, na kwa uzao wote ule walikuwa wamebaki wao wawili. Mukarugwiza aliuza samaki, mbao, sabuni, mabati yaliyotumika, na angekuuzia kivuli cha nyumba yake kama ungefika bei. Ila Épiphanie hakuwa wa kuuzwa. Lakini ni Épiphanie huyohuyo aliyepanda pikapu kila alfajiri, kando ya dereva Sylvain, kwenda Nyamyumba kuchukua samaki, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kutazama jicho la sambaza akajua amelala majini au amelala kikapuni.

Na barabara ile ilikuwa mbaya. Inafuata ukingo wa ziwa, inajikunja, migomba inaishukia mpaka kwenye lami. Mwaka ule kulikuwa na watu wenye bunduki wanaoteremka kutoka milimani. Magari mengine yalirudi mjini bila abiria. Mengine hayakurudi.

Ndiyo maana Ntawu aliweka sheria siku ya kwanza kabisa. Mashine ya mjini aliiagiza iulize bila kuchoka: uko? uko? uko? Ile ya depo ikijibu, kila jibu linakuwa mstari mmoja unaopanda kwenye kioo.

"Mistari ikitembea, mukuje," alisema. "Isipotembea, mukae. Mi nikiona mambo mubaya, sitapoteza wakati kuandika barua. Nitazima, nitakimbia. Kimya changu ndiyo barua."

Wanawake wa sokoni, waliokuja asubuhi kuchungulia kioo kabla ya kupanda magari yao wenyewe, hawakusema mistari inatembea. Walisema Ntawu anapumua. "Leo anapumua?" "Anapumua, twende." Ikawa salamu ya Mbugangari.

Tatizo lilikuwa umeme. Umeme wa Nyamyumba ulikuja na kuondoka kama mume mlevi. Kila ulipokatika, mashine ya depo ilikufa. Uliporudi, mashine iliwaka yenyewe lakini ilikuwa imesahau kila kitu: namba ya mtandao ambao kadi yake ya mawimbi inapaswa kuusikiliza, anwani yake yenyewe, njia ya kufika mjini. Inakaa pale imewaka, bubu. Mpaka Ntawu aje, aketi, aandike yote upya kutoka kichwani, ndipo mistari ianze kupanda.

Na Ntawu hakuwa mtu wa kukaa kitini. Alikwenda misa. Alikwenda kujikanda mgongo kwenye maji moto. Alikwenda kula. Siku umeme ukicheza, pikapu inasimama Mbugangari injini ikiunguruma, Sylvain anapiga miayo, na sambaza kule depo hawamngoji mtu. Wakati huo Mukandutiye, mwenye meza ya jirani, ambaye hakuwa na mashine wala woga, alikwisha kwenda na kurudi na mabeseni yaliyojaa.

"Mama Mashine!" alikuwa akimpigia kelele Mukarugwiza mbele ya wateja. "Ile televisheni yako imesema leo ni siku gani ya kula?"

Mukarugwiza alimeza. Jioni moja akamkabili fundi wake.

"Ntawu, hakuna namna hii mashine ikumbuke yenyewe?"

"Namna iko."

"Basi fanya."

"Hapana."

"Kwa nini hapana?"

"Mashine yenye kukumbuka ni shahidi, patroni. Na shahidi anajibu kila mutu mwenye kumuuliza."

"Mi nakuuliza samaki, we unanihubiria."

Ntawu alitikisa mabega, akavuta sahani ya pili.

Mukarugwiza alilielewa jambo hilo kwa namna alivyoelewa mambo yote. Mtu akikunyima kitu anachoweza kukupa, anangoja bei. Huyu alikuwa ameishika chuchu ya ng'ombe mkononi mwake ili asiweze kufukuzwa zizini. Hakumchukia. Naye angefanya vivyo hivyo. Lakini hakuna mtu duniani aliyewahi kumshika Mukarugwiza bei mara mbili.

Alimpata Karenzi, kijana wa maofisini, mrejeaji kutoka Bukoba, aliyeongea Kiswahili kilichonyooka kama cha kitabu. Walingoja siku Ntawu alipokwenda ubatizo wa mtoto wa dada yake huko Rubavu. Karenzi alizisoma namba zote kwenye mashine ya mjini, ile isiyozimwa, akazinakili nyuma ya pakiti ya sigara. Kisha wakateremka Nyamyumba, Mukarugwiza, Épiphanie na yeye.

Épiphanie aliuliza wataingiaje bila neno la siri la Ntawu.

"Mwenye kuishika mashine kwa mikono yake haombi ruhusa, dada," Karenzi alisema. Aliizima, akaiwasha kwa njia nyingine, ya mlango wa nyuma, na mashine ikamfungukia bila kuuliza jina. Akafungua faili liitwalo rc.local. "Hili husomwa mwisho, kila mashine inapoamka. Utakachokiandika humu, itakitenda yenyewe, hata kama hakuna mtu chumbani."

Akaandika namba ya mtandao, akaandika anwani, akaandika njia. Akazima swichi kubwa ya ukutani, depo yote ikaingia giza, akaiwasha tena. Wakangoja huku mashine ikinong'ona na kukwaruza tumboni mwake. Hakuna aliyegusa kitu. Karenzi alipoinama kuangalia, mji ulikuwa ukijibu.

"Mwambie fundi wako," alisema akifuta mikono. "Si vizuri asijue."

"Nitamwambia," Mukarugwiza alijibu, "siku atakayoniomba nyongeza."

Njiani kurudi, Épiphanie alilirudia jambo hilo.

"Yaya, mwambie tu."

"Karata nzuri haitupwi mezani kabla mwenzako hajatupa yake."

Ntawu hakugundua. Umeme ulikatika, ukarudi, naye alirudi kutoka maji moto nywele zikiwa mbichi, akaketi, akaandika yale yale kwa mkono uliozoea, bila kutazama kwanza kama kazi imekwisha kufanyika. Kama mashine iliguna kwamba inayajua tayari, hakusoma. Macho yake yalikwisha kwenda kwenye mistari, na mistari ilikuwa inatembea. Mjini, Épiphanie peke yake ndiye aliyeona kwamba sasa Ntawu anapumua mapema mno, umeme haujatulia vizuri, kama mtu anayejibu hodi kabla haijapigwa. Pikapu haikuchelewa tena. Mukandutiye alinyamaza. Mukarugwiza alihesabu hilo kuwa faida.

Kisha mambo yakaanza kugeuka. Wauzaji wa Nyamyumba walianza kuja mjini na magodoro kichwani badala ya mabeseni. Waliulizwa kuna nini, wakasema hakuna. Moshi ulionekana mlimani mahali ambapo hapakuwa na shamba la kuchomwa. Kwenye kizuizi cha barabara askari waliacha kutania wasichana.

Ntawu alikuja Mbugangari jioni moja kula, na kwa mara ya kwanza aliacha chakula sahanini.

"Mbwa wa kule wameacha kubweka," alisema.

"Mbwa wamefanya nini?" Sylvain aliuliza.

"Wameacha. Usiku muzima. Mbwa akibweka, ameona mugeni. Akinyamaza, mugeni amekwisha kukaa." Akamgeukia Épiphanie. "Munaangalia mistari vizuri? Isipotembea, hata mutu akuambie nini, musitoke."

Mukarugwiza alifungua mdomo. Neno lilikuwa hapo hapo, limefika kwenye meno. Lakini Ntawu, ambaye naye alikuwa mtu wa soko kwa namna yake, aliendelea bila kupumzika.

"Na kazi ya hatari iko na bei yake, patroni. Tutaongea, eh?"

Mukarugwiza alisikia neno bei, na mdomo ukajifunga wenyewe, kama mlango wenye springi. Ndiyo hiyo karata aliyokuwa akiingoja. Lakini siyo ya kujibiwa hapa, mbele ya watu, huku chakula kilichoachwa kikimtia huruma.

"Siku ya mungu, baada ya misa," alisema. "Tutaongea vizuri."

Ntawu akavaa kofia yake, akarudi Nyamyumba.

Haikufika hiyo Jumapili. Alfajiri moja Épiphanie alikuta kioo kimesimama. Mistari ilikuwa imekatika tangu usiku, na wa mwisho ulikuwa bado pale chini kama mguu uliosita kwenye ngazi. Wanawake wakajikusanya mlangoni na kanga mabegani. Sylvain alikwisha kuwasha injini, akaizima.

Walingoja mpaka milima ya upande wa Goma ikaanza kuonekana. Hapo kioo kikatikisika. Mstari mmoja. Mwingine. Kisha ikapanda kwa mwendo wake wa siku zote.

"Anapumua!" wanawake wakasema kwa pamoja, wakacheka, na wengine wakafanya ishara ya msalaba.

Mukarugwiza hakucheka. Alimkumbuka Karenzi akifuta mikono: hata kama hakuna mtu chumbani. Alimtazama Épiphanie, na Épiphanie alikuwa akimtazama.

"Yaya. Ni yeye, ao ni mashine?"

Palepale, kando yao, gari la Mukandutiye likatikisika, likaanza kurudi nyuma kutafuta njia. Mwanamke huyo alitoa kichwa dirishani. "Mama Mashine, unangoja cheti cha daktari?"

"Ni umeme tu ulikatika," Mukarugwiza alisema. "Umerudi. Twende." Na kwa kuwa moyo haukutulia, alifanya jambo ambalo hakulifanya siku nyingine: alipanda mwenyewe, akakaa kati ya Sylvain na mdogo wake. Alimwambia Sylvain ampite Mukandutiye, na Sylvain akampita kwenye kona ya kwanza, akipiga honi ya kejeli.

Ziwa lilikuwa limelala kama sahani ya bati. Waliteremka mikunjo, migomba ikigusa paa. Mukarugwiza aliona jambo la kwanza bila kulijua: hapakuwa na nyimbo. Saa ile wavuvi wa sambaza hurudi, mitumbwi mitatu mitatu imefungwa pamoja kwa miti, wapiga makasia wakiimba ili wasisinzie. Mitumbwi ilikuwako, mbali, katikati ya maji, haikuwa inarudi popote. Ilikuwa imekaa.

Halafu akaona taa.

Mtumbwi mmoja ulikuwa umejitenga, karibu na ufuko kuliko mingine, na ndani yake karabai ilikuwa inawaka. Jua lilikwisha kupaka rangi maji. Taa ilipanda, ikashuka, ikapanda.

Mtu mwingine angesema, mvuvi huyo amesahau. Mukarugwiza alikuwa ameuza mafuta ya taa ziwani kwa miaka, kwa vikombe, na alijua kwamba hakuna mvuvi wa Kivu anayeiacha karabai iwake hata kidogo baada ya kuona mkono wake mwenyewe kwa mwanga wa alfajiri. Mvuvi atasahau mtoto, hatasahau mafuta.

"Nani anachoma mafuta mchana?" alisema.

"Nini?" Sylvain aliuliza.

"Simama. Sylvain, simama!"

Sylvain alikanyaga breki. Mukandutiye nyuma yao nusura awagonge, akaanza kutukana. Katika kimya cha injini iliyozimika walisikia sauti ya mtu majini, nyembamba kwa umbali, ikipiga kelele neno lilelile. Kabla hawajalielewa, mlima uliokuwa mbele yao, juu ya kona ya depo, ulijibu kwa bunduki. Haukuwapiga wao. Ulipiga ziwa. Taa ililipuka, ikawa moto mkubwa wa manjano uliosimama juu ya maji, kisha ikawa hakuna.

Magari yalirudi kinyumenyume mpaka mkunjo wa pili. Mukandutiye hakutukana tena mpaka mjini.

Walioelewa baadaye walieleza hivi. Ntawu aliwasikia watu wakiteremka kabla ya alfajiri. Alishusha swichi kubwa ya ukutani, taa na mashine vikafa kwa pigo moja, akatoka kwa mlango wa ufukoni na viatu vyake mkononi. Mtumbwi wa Niyonshuti, mvuvi aliyekuwa jirani yake tangu utoto, ulimpokea, wakasogea majini. Hakuwa na wasiwasi na mji. Alikwisha kuandika barua yake: kimya. Lakini wale watu walioingia depo walitaka kuona kuna nini cha kubeba, wakapandisha swichi. Mashine ikaamka, ikasoma faili lake mpaka mwisho, ikaanza kujibu. Hawakuijali hata kidogo. Walibeba mizani na magunia ya chumvi, kisha wakapanda mlimani kungoja gari.

Ntawu alikuwa majini alipoiona pikapu ikiteremka. Alimwambia Niyonshuti: "Hawawezi kuwa wao. Nimezima." Kisha akawasha karabai.

Mukarugwiza alimkuta Ntawu hospitali, amefungwa vitambaa uso nusu na mikono yote miwili. Daktari alikwisha kumwambia kwamba vidole vitabaki, ila vitashikana kama vya bata. Niyonshuti alikuwa amezikwa jana yake.

"Nani aliifundisha kukumbuka?" Ntawu aliuliza. Hakusalimia.

"Mimi."

"Lini?"

"Siku ya ubatizo."

Akasema, kama anayesoma orodha ya mzigo wa mtu mwingine: "Kwenye malori, wakati ule, mwenzangu wa zamu alikimbia akaacha redio imewashwa, kwenye masafa yake. Mutu mwengine akakaa kwenye kiti. Madereva wakauliza, njia iko namna gani? Akawajibu: mukuje. Wakakuja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniuliza bei yake." Akageuza jicho lililo wazi. "Na we, kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umeomba nyongeza."

Ntawu akacheka. Kicheko kilimuuma, akakiacha katikati.

Kisha wakapatana, kwa sababu ndicho walichokijua wote wawili. Alitaka mitumbwi mitatu mipya, na nyavu zake na karabai, nusu iwe yake, nusu ya mjane wa Niyonshuti. Mukarugwiza alisikia, na kabla hajajizuia alisema nyavu za zamani bado ni nzuri, zinaweza kushonwa. Ulimi uliozoea. Ntawu alimwangalia tu mpaka akaona haya, jambo ambalo halikuwa limemtokea sokoni tangu utoto.

"Mpya," alisema. "Nyavu mpya. Sawa."

Aliyatimiza yote. Ntawu, ambaye maisha yake yote alilikimbia ziwa, akawa mwenye mitumbwi, akisimama ufukoni na viatu vyake vya ngozi kuwapigia kelele wapiga makasia. Redio hakugusa tena, vidole havikuweza. Depo Mukarugwiza aliipoteza, na samaki wa Nyamyumba akawaachia wengine. Épiphanie alikataa kupanda gari lolote linalofuata ziwa, akafungua meza ya vitunguu. Kwa dada yake huo ulikuwa uamuzi mbaya wa biashara, na hakumwambia neno.

Barabara ilipofunguliwa, wiki nyingi zikiwa zimepita, alikwenda kule mwenyewe na askari. Mlango ulikuwa umeng'olewa. Popo wameingia. Pembeni, chini ya vumbi, mashine ilikuwa ya moto ikiguswa. Muda wote ule umeme ulikuja ukaondoka, na kila uliporudi iliamka ikaujibu mji, na kule Mbugangari mistari ilipanda nyuma ya kitenge ambacho Épiphanie alifunikia kioo ili asiione. Mukarugwiza alitafuta swichi yake nyuma, akaizima kwa kidole gumba, akakiacha kidole pale kwa muda.

Mashine zote mbili alimuuzia mfanyabiashara mmoja wa Goma, na mifupa ya samaki juu yake. Mtu huyo alizigonga kwa kidole, akaguna, akauliza kama zina ubovu wowote.

"Hii ya kwanza, hapana," Mukarugwiza alisema. "Ile nyengine inakumbuka. Hiyo nitakupunguzia."